Funza wa taka za samaki: Uliza kwanza wamelishwa nini



Kwa muda sasa wasomaji wa safu hii, hasa wa mikoa ya Kanda ya Ziwa na baadhi ya wale wa Pwani, wamekuwa wakiuliza juu ya ufugaji wa funza kwa kutumia taka zinazotoka kwenye mabwawa na vizimba vya samaki. Wapo walioelezwa kwenye semina kwamba hii ni kazi isiyo na hasara: uchafu unaondoka, kuku wanapata chakula, na kinachobaki ni mbolea. Wapo pia walioshtuka kwa kusikia neno funza tu na hawataki kusikia zaidi. Lakini wote suali lao ni moja. Je, kuku au samaki aliyelishwa funza hao ni salama kwa mlaji?

Nitasema mapema msimamo wangu ili msomaji asichoke kuutafuta. Funza huyu anaweza kuwa chakula kizuri na salama cha mifugo, na anaweza pia kuwa njia ya kuipeleka sumu ya bwawani moja kwa moja mezani kwako. Kinachoamua ni kile alichokula na namna alivyoandaliwa baada ya kuvunwa. Na taka za samaki si kitu kimoja. Matumbo ya samaki mzima aliyepasuliwa asubuhi hii ni jambo moja, tope la chini ya bwawa ni jambo la pili, na mzoga wa samaki uliookotwa unaelea ni jambo la tatu. Wengi wanaofundisha ufugaji huu huvitia vyote vitatu katika ndoo moja. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Ni funza wa aina gani

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Funza tunaowazungumzia si wale wanaoingia kwenye vidole vya miguu, na wala si mabuu wa nzi wa nyumbani anayetua chooni kisha akaja kutua kwenye wali wako. Ni mabuu wa nzi mweusi, mrefu kidogo, anayefanana na nyigu, ambaye wafugaji wengi hapa kwetu humwita nzi chuma. Wataalamu humwita Hermetia illucens. Nzi huyu haumi, na akishakuwa mkubwa haishi kwa kutafuta chakula majumbani kama nzi wa kawaida. Huishi siku chache, hupandana, jike hutaga mamia ya mayai kwenye nyufa kavu karibu na kitu kinachooza, kisha hufa. Mayai huanguliwa baada ya siku 4 hivi, na katika joto la kwetu funza hula kwa takriban wiki 2 kabla ya kugeuka rangi kuwa mweusi na kuanza kutafuta pakavu pa kujifichia. Katika siku hizo chache hula uchafu kwa kasi ya kushangaza.

Mwili wake ukikaushwa, kiasi cha asilimia 40 ni protini, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni mafuta. Hii ndiyo sababu watu wanamkimbilia. Mfugaji wa sato au kambale anajua kwamba gharama yake kubwa ni chakula, na protini ya chakula hicho kwa miaka mingi imetoka kwenye dagaa. Dagaa hao hao ndio kitoweo cha maskini. Kila gunia linalosagwa kwa ajili ya kuku na samaki ni gunia ambalo mama wa watoto watano atalitafuta sokoni na kulikuta limepanda bei. Kwa hiyo mtu anayetafuta mbadala wa dagaa anafanya jambo la kheri, na mimi si miongoni mwa wanaolibeza.

Aidha, taka za samaki zina faida ambayo taka nyingine hazina. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwalisha funza hawa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na matumbo ya samaki. Waliona kwamba funza waliokula matumbo hayo hujaza mwilini mafuta ya omega-3, yale mazuri kwa moyo yanayopatikana kwenye samaki, na kwamba hata siku moja ya mwisho ya kulishwa matumbo ilitosha kuleta mabadiliko. Msomaji azingatie jambo hilo vizuri. Ikiwa saa 24 zinatosha kwa mafuta mazuri ya samaki kuingia mwilini mwa funza, basi asishangae kuambiwa kwamba yapo na mabaya yanayoingia kwa mlango huo huo.

Ndoo ya kwanza: matumbo, vichwa na mifupa

Hapa ndipo ninapowaunga mkono wafugaji wa funza bila kusita sana. Ukivua samaki wako walio hai na wenye afya, ukawapasua, basi matumbo, mapezi, vichwa na mifupa (pale Mwanza wenyewe husema mapanki kwa mabaki ya sangara wa viwandani) ni chakula kizuri cha funza. Sharti lake ni uharaka. Samaki huoza upesi kuliko nyama yoyote, na wahenga waliposema samaki mmoja akioza wote wameoza, walikuwa wanaeleza jambo ambalo muuza samaki yeyote pale Feri au Kirumba analijua kwa pua yake.

Katika baadhi ya samaki, hasa jamii ya jodari na vibua, kuoza huko huzalisha kitu kiitwacho histamini. Hicho ndicho kinachomfanya mtu ale samaki aliyekaa juani kisha uso ukawa mwekundu, akawashwa mwili na kichwa kikamgonga, mpaka akadhani ana aleji. Histamini haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo usidhani kwamba mabaki ya samaki ya siku tatu, yanayonuka mtaa mzima, yatakuwa salama kwa kuwa utawachemsha funza baadaye. Yapeleke kwa funza siku ile ile, kidogo kidogo, kiasi wanachokimaliza, na uyachanganye na pumba au maganda ili yasiwe majimaji.

Kwa wenzetu wa Pwani kuna la kuongeza. Maji ya bahari yenye joto yana bakteria jamii ya vibrio, ambayo baadhi yake huharisha watu wanaokula chaza na kamba wabichi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha jaribio la kuwalisha funza wa nzi chuma mwani uliotiwa bakteria hao, wakakuta wamebaki hai ndani ya funza. Kwa maana hiyo funza mbichi aliyelishwa taka za bahari asitupwe kwa kuku moja kwa moja.

Ndoo ya pili: tope la bwawa

Hili ndilo lenye mjadala mkubwa, kwa sababu ndilo lililo jingi. Samaki anayefugwa hunya, na chakula kisicholiwa huzama. Kwenye bwawa la kuchimbwa vyote hivyo hukaa chini pamoja na udongo, majani na chochote kilichosombwa na mvua. Ukikausha bwawa unapata tope jeusi, zito. Kwa macho ni mbolea. Mtu akisema tuwape funza, huonekana mwerevu.

Tatizo ni kwamba tope hilo ni kumbukumbu ya kila kitu ulichotia bwawani tangu ulipolijaza. Ulitia dawa za antibiotiki samaki walipougua? Sehemu yake imo humo. Ulitumia mrututu kuua majani? Shaba yake imo humo. Na wale wanaozalisha vifaranga vya sato wanajua kwamba ili wapate madume matupu, vifaranga hupewa chakula chenye homoni ya kiume kwa muda wa wiki 3 hadi 4. Kinachotumika hapo ni homoni halisi iliyotengenezwa maabara, na mabaki ya chakula hicho huzama kama mabaki mengine. Tope la bwawa la vifaranga halifai kabisa kulishwa mdudu ambaye ataliwa na kuku ambaye ataliwa na mtoto wako.

Kisha kuna madini. Mwaka 2015 Stefan Diener na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha funza hawa chakula kilichotiwa kadimiamu, risasi na zinki. Risasi na zinki hazikulimbikizwa. Lakini kadimiamu ilijikusanya, mwilini mwa funza ikawa mara 2 hadi karibu mara 3 ya ile iliyokuwa kwenye chakula. Kadimiamu ni sumu ya figo. Inapatikana kwenye betri, kwenye moshi wa baadhi ya viwanda, na kwa kiasi kidogo kwenye mbolea za fosfeti, zile zile ambazo baadhi ya wafugaji hutia bwawani ili maji yawe ya kijani. Haina harufu wala rangi, na haichemki ikatoka. Ukimlisha funza, umeikusanya. Ukimlisha kuku funza huyo kila siku, sehemu yake huenda kukaa kwenye maini na figo za kuku, na Waswahili tunapenda maini.

Kwa wanaoishi karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kama ilivyo sehemu nyingi za Geita, kuna zebaki ambayo wachimbaji huitumia kukamatia dhahabu. Bwawa lililochimbwa kwenye mkondo unaotoka kwa wachimbaji lisichukuliwe kama bwawa la mtu wa Bagamoyo. Kipimo cha maabara ni lazima, na kama huna uwezo wa kipimo, basi tope lile liache.

Kwa upande mwingine, uadilifu unatutaka tuseme na mazuri. Funza hawa hawakusanyi kila sumu. Wataalamu waliowalisha chakula chenye sumukuvu ya aflatoxin waliona haikujikusanya mwilini mwao. Nalo ni jambo kubwa kwa nchi zetu, maana mwaka 2004 sumukuvu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu huku kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Baadhi ya dawa pia huvunjika upesi zaidi pale funza wanapofanya kazi kuliko zingevunjika zenyewe. Lakini mfugaji aliye na bwawa moja nyuma ya nyumba hana maabara ya kumwambia ni sumu ipi imevunjika na ipi imebaki.

Ndiyo maana ninaona tope la bwawa lisitumike kwa funza watakaokuwa chakula. Litumike kama mbolea ya migomba, minazi na miti, na liishie hapo. Nchi za Ulaya, ambazo zimefanya utafiti mwingi juu ya jambo hili, hazikuruhusu funza wa chakula cha mifugo walishwe kinyesi cha aina yoyote, taka za mahotelini wala mabaki ya machinjioni. Walipofungua mlango wa protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa Julai 2017, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, sharti hilo walilibakiza. Norway, ambako vizimba vya samaki aina ya salmoni hutoa kinyesi kwa maelfu ya tani, watafiti wanalifanyia kazi suala hili hili, na uchafu huo haujaruhusiwa kuwa lishe ya funza wanaoingia kwenye chakula cha mifugo.

Wapo watakaosema hao ni matajiri, wana anasa ya kukataa. Sikubaliani. Uingereza nayo ilidhani inafanya akiba ilipowasagia ng'ombe mabaki ya ng'ombe wenzao. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ukatambuliwa mwaka 1986, na miaka kumi baadaye, mwaka 1996, serikali yao ikakiri kwamba kuna uwezekano mkubwa watu wameupata kwa kula nyama hiyo. Ugonjwa wa namna ile haujulikani kuwapo kwa samaki. Hata hivyo masharti ya Ulaya niliyoyataja yameandikwa na watu waliokwisha kulipia funzo lile, na ni busara kujifunza kwa gharama za jirani.

Ndoo ya tatu: mizoga

Juu ya hili sina mjadala mrefu. Samaki aliyekufa bwawani au kwenye kizimba bila wewe kujua kimemuua nini, asipewe funza wa chakula. Nimepata kumwona mfugaji mmoja pembezoni mwa mji akikusanya mizoga ya sato kila alfajiri na kuitupa kwenye beseni la funza, kisha funza wale akawarudisha bwawani walikotoka mizoga. Nilipomwuliza kwa nini samaki wanakufa, akasema ni upepo. Mimi naona alikuwa anazungusha ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza kirusi kipya cha sato kilichogunduliwa Israel, na mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba chembechembe zake zimepatikana kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania. Kirusi hicho hakimdhuru binadamu, lakini kinaweza kumfilisi mfugaji. Na yapo magonjwa ya samaki yanayovuka mpaka. Katika majira ya baridi ya mwaka 1995 na 1996, huko Toronto, Kanada, watu 9 walipata maambukizi mazito ya bakteria aitwaye Streptococcus iniae baada ya kuandaa samaki wabichi, wengi wao wakiwa wamechomwa na miba ya sato. Mikono ilivimba, bakteria wakaingia kwenye damu. Hao walikuwa wapishi wa nyumbani. Mtu anayeshika mizoga kila siku bila glavu amejiweka mahali pabaya zaidi.

Je, funza hawaui vijidudu?

Msomaji mmoja aliyesoma sana atasema: lakini tumeambiwa funza hawa wanasafisha. Ni kweli, kwa sehemu. Utumbo wao na vitu wanavyotoa hupunguza sana bakteria wa salmonella kwenye uchafu wanaoula. Mwaka 2013 Cecilia Lalander na wenzake wa Sweden walichapisha majaribio waliyofanya kwa kinyesi cha binadamu, wakaona upungufu huo wa salmonella. Lakini katika majaribio hayo hayo mayai ya minyoo ya askarisi hayakudhurika, na bakteria wengine jamii ya enterokokasi hawakupungua. Kwa kweli mdudu huyu anachagua. Anayemwita mashine ya kusafisha uchafu wote anauza mbegu na mabeseni.

Kwa hiyo usafi unakamilishwa na moto. Funza wakivunwa wapumzishwe siku moja kwenye pumba kavu safi ili watoe kilicho tumboni. Husaidia kidogo, haitoshi. Kisha waoshwe, na watiwe kwenye maji yanayotokota kweli kweli, kidogo kidogo ili maji yasipoe, kwa dakika zisizopungua 5. Baada ya hapo wakaushwe haraka. Wengi huruka hatua ya kuchemsha na kuwaanika moja kwa moja juani, jambo ambalo silikubali, kwa kuwa jua la siku mbili hukausha ngozi ya nje huku bakteria wakiendelea kustarehe ndani, na nzi wa nyumbani wanakuja kutua juu yake. Wengine huchemsha vizuri kisha huwaacha wamelowa usiku kucha kwenye gunia. Kuna vijidudu vinavyotengeneza mbegu ngumu zisizokufa kwa maji ya moto. Vikipata unyevu na uvuguvugu huamka tena. Kausha mpaka funza akibanwa kwa kidole avunjike kwa mlio, unyevu usizidi asilimia 10, halafu hifadhi kwenye chombo kinachofunga.

Samadi inayobaki baada ya funza nayo ina sheria zake. Huko Ulaya ni lazima ipashwe moto wa nyuzi 70 za sentigredi kwa saa nzima kabla ya kuuzwa. Mfugaji wa kawaida anaweza kuilundika, kuifunika, kuigeuza na kuiacha iwe moto kwa wiki kadhaa. Isitiwe kwenye kachumbari inayoota, yaani nyanya, pilipili hoho, kabichi na majani yanayoliwa mabichi.

Jallala

Wapo waliouliza upande wa dini. Safu hii si mahali pa kutoa fatwa, na hukumu ya najisi ya kinyesi cha samaki na ya mdudu anayekua ndani yake ina maneno marefu baina ya madhehebu, hivyo waulizwe masheikh. Nitataja tu lile linalogusa afya. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), na wameiandika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kula jallala na kunywa maziwa yake, naye jallala ni mnyama aliyezoea kula uchafu. Na imepokewa kwamba Ibn Umar mwenyewe alikuwa akitaka kumla kuku wa namna hiyo humfungia siku 3 kwanza. Mafakihi wakaeleza kwamba anafungiwa na kulishwa kisafi mpaka ile athari ya uchafu imtoke.

Mganga wa mifugo wa leo akikuandikia dawa ya kuku, hukuambia usile mayai wala nyama kwa siku kadhaa mpaka dawa imtoke mwilini. Msomaji anaona mwenyewe namna mambo haya mawili yanavyokaribiana. Kwa hiyo hata unayemlisha kuku wako funza wa matumbo safi, nakushauri wiki ya mwisho kabla ya kumchinja umpe mahindi, pumba na majani tu. Nyama nayo haitakuwa na shombo la samaki, malalamiko ambayo wauza kuku wengi wameyasikia.

Anayefanya kazi yenyewe

Tunazungumza sana juu ya mlaji na kumsahau kijana anayepewa kazi ya kuchuja funza. Huyu avae glavu na viatu vya mpira, na akichomwa na mwiba wa samaki aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi papo hapo. Likivimba na kuwa jekundu asingoje hadi kesho kwenda zahanati, na amwambie daktari kwamba anashika samaki. Wakati wa kusaga funza waliokauka azibe pua na mdomo, kwani vumbi lake huchokoza pumu. Mwenye aleji ya kamba na kaa awe mwangalifu zaidi, maana protini zinazomdhuru kwenye kamba zinafanana na zilizomo kwenye wadudu. Watoto wa madrasa wanaosaidia kazi za mradi wasipewe kazi hii. Wapewe kumwagilia.

Upande wa serikali, Kenya ilipitisha mwaka 2017 kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo. Sisi tunayo Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na Wakala wa Maabara ya Veterinari hupima vyakula vya mifugo. Vizimba vinaongezeka ziwani kila mwaka, na taka zake zinaongezeka navyo. Anayenunua funza waliokaushwa kwa gunia ana haki ya kumwuliza muuzaji walilishwa nini na walichemshwa au hawakuchemshwa, na muuzaji anayejibu kwa kucheka asinunuliwe. Vikundi vya kina mama vinavyonunua kwa pamoja vinaweza kuchangishana na kupeleka sampuli moja kupimwa madini mazito. Kipimo cha kundi zima ni nafuu kuliko cha mtu mmoja mmoja.

Na kwa kuwa nimekataza mizoga isipewe funza wala kuku, wengi watauliza ipelekwe wapi, maana kuitupa ziwani au kandoni mwa bwawa ni kuikaribisha tena. Chimba shimo linalofika kiunoni, mbali na kisima na mahali maji ya mvua yanapopita, tia mizoga, nyunyiza chokaa juu yake, kisha fukia na ushindilie ili mbwa na kenge wasiifukue. Wakizidi samaki wachache kwa siku, mwite ofisa uvuvi wa eneo lako kabla hujafukia wote, achukue sampuli. Ndoo iliyobebea mizoga isirudi kisimani wala kwenye banda la kuku kabla haijaoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani.